Milango Iliyotangulia Msingi

Milango ndiyo iliyofika kwanza. Kabla ya jiwe hata moja kutiwa ardhini, ukumbi wa chini wa nyumba yetu ya Malindi, mjini Unguja, ulikuwa umeshajaa milango: ya msaji, ya mfenesi, miwili ya nakshi isiyolingana hata kidogo, na mmoja mpana kiasi cha kupita gari la ng'ombe. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, mmoja juu ya mwenziwe, na sisi watu wa nyumba tukipita ubavu ubavu kwenda kisimani. Baba akirudi kazini husimama pale nje, akauliza leo aingilie upi. Ulikuwa mzaha wake wa kila siku, na mama hakuwahi kuucheka.

Ilikuwa milango ya dahalia. Dahalia kwetu ni nyumba ya kulala wanafunzi, na dahalia hii ilikuwa bado haijajengwa. Ilitakiwa ijengwe katika chuo cha ualimu cha wasichana, nje kidogo ya mji, ambako mimi nilikuwa mwanafunzi katika miaka ya hamsini. Chuo chenyewe kilikuwa nyumba moja kuukuu ya mawe, dari inavuja, na darasa moja tukilihama kila masika na madawati yetu kichwani. Sisi wa mjini tulikuwa tukisoma na kurudi makwetu. Wa shamba hawakuwa na pa kulala, kwa hiyo wa shamba hawakuwapo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusamehe upesi. Nimesomesha watoto wa watu miaka mingi, na waliopita mikononi mwangu wanalijua hilo. Basi nikisema kwamba mpaka leo nina hasira na milango, mtu asicheke.

Nilikuwa na mwenzangu, mtoto wa Kiwengwa, huko shamba, pwani ya mashariki. Tulikutana skuli ya wasichana, yeye akikaa kwa shangazi yake Ng'ambo, mimi nikitoka kwetu. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wetu, na kicheko ambacho akikizuia kwa kiganja kikamtoka puani. Jioni alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa wa shangazi yake kwenye baraza, akawaandikia herufi kwa mkaa juu ya sakafu, na kila siku shangazi akigomba juu ya mkaa na kila siku akiwaletea watoto wale maji ya kunywa. Kwao Kiwengwa wasichana walikuwa wakisoma Kurani tu, kisha basi. Yeye alitaka kurudi huko akafungue darasa. "Na wa kwanza nitakayemkalisha chini ni mama," alikuwa akisema. "Nimfundishe kuandika jina lake. Akishajua jina lake hatonisumbua tena kwa kuniuliza maandishi ya kwenye kanga."

Tulifaulu sote wawili kuingia chuo cha ualimu. Wiki zile zile mume wa shangazi yake alihamishiwa Pemba, na shangazi akafunga mizigo akamfuata. Mtoto wa Kiwengwa akawa hana nyumba mjini.

Mama yangu alimwambia baba wa mwenzangu mara moja: mlete kwetu. Mzee yule alikuja mwenyewe, akavua viatu chini, akapanda ghorofani na kukaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kile ni cha mtu mwengine anayekaribia kurudi. Alikuwa mkulima na mjenzi wa nyumba za mawe huko kwao, mikono imepasuka kwa chokaa.

"Bi Mkubwa, nyumba yako nnaiheshimu," alisema. "Lakini una vijana wa kiume, Mungu akukuzie, na wangu mwari. Watu wa kwetu wana midomo. Siwezi."

Mama hakumbishia. Kaka zangu walikuwa watatu, mmoja ana ndevu tayari, na angekuwa yeye ndiye mzazi wa Kiwengwa angesema vile vile. Mkuu wa chuo, mama mmoja wa Kiingereza, mrefu, aliyekuwa akisema Kiswahili kwa uangalifu, alikuwa ameahidi kwamba nafasi ya binti ingemngoja. Dahalia ikisimama, aje. Mama alipomfikishia ahadi hiyo, mzee alifikiri, kisha akasema neno ambalo tangu siku ile lilikaa nyumbani kwetu pamoja nasi.

"Posa ishaletwa. Kijana mwenyewe si mbaya. Mimi sina la kuwajibu watu wale isipokuwa hii dahalia. Basi nitangoja mpaka Iddi Kubwa ipite. Zaidi ya hapo nitakuwa nnawachezea."

Mwenzangu alirudi Kiwengwa kungoja. Mimi nikaanza masomo peke yangu, na mama yangu akavaa buibui lake akaanza kuzunguka majumbani.

Serikali ilikuwa imesema kiwanja kipo, na kuta itazijenga yenyewe, lakini siku itakapouona msingi umetoka juu ya ardhi. Msingi na yote mengine raia watafute. Mkuu wa chuo akawaomba kina mama wa mjini waunde kamati, na mama akatiwa humo. Hakuwa na cheo wala mali. Alikuwa akishona kofia. Lakini hapakuwa na harusi wala msiba asioujua kuanzia Malindi mpaka Mkunazini, na kila nyumba aliyogonga walimfungulia. Alikuwa akitoka baada ya sala ya alasiri, na mimi nyuma yake. Sikulazimishwa. Nilikuwa namtaka mwenzangu arudi.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi wanapochangisha hutaka fedha tu na mambo yamekwisha. Kwetu wakati ule mtu hakuwa akichangia jengo hivi hivi. Alikuwa akimchangia maiti wake. Unatoa kitu kiwe wakfu, kitu cha kutumika, na kila kinapotumika thawabu zinamfikia mama yako au baba yako huko aliko. Na fedha watu hawakuipenda kwa kazi hiyo. Fedha ikishachanganyika na ya wenzio, utajuaje ipi imenunua nini? Mtu alitaka kitu kinachoonekana, akijue, na aweze kuja siku moja akakigusa.

Sasa fikiri mwenyewe. Ni kitu gani katika nyumba kinachoguswa siku nzima? Mlango. Kila mwanafunzi anapoingia na kutoka, marehemu anapata. Baada ya mlango, dirisha. Baada ya dirisha, kisima, kisha taa, kisha boriti za dari, maana mtu akilala chali anaziangalia. Tulipokelewa kwa kahawa na halua, tukasikilizwa, watu wakafuta machozi kwa kuwakumbuka wazee wao, kisha wakatoa mlango.

Nakumbuka sana bibi mmoja wa Shangani, mjane wa mwenye mashamba ya karafuu. Yeye alichukua madirisha mawili ya kuelekea baharini, kwa ajili ya mama yake. Mama alimshukuru, akanywa kahawa yake mpaka chini, kisha akasema kama anayepitisha neno tu, "Na choo bado hakijapata mtu."

"Choo!" Bibi alijishika kifua. "Mama yangu alikuwa haendi msalani bila ya ubani. Leo nimtie chooni?"

"Basi msingi, bibi. Msingi nao haujapata mtu."

"Msingi si unafukiwa? Nani atauona?"

"Mungu atauona."

"Na mlango Mungu atauona pia," alisema yule bibi. Jibu lake nalitafuta mpaka leo. Kila nyumba ilikuwa ni maneno hayo hayo. Hapana aliyekuwa bakhili. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha mama, kwamba hapana hata mmoja aliyekuwa bakhili. Walitoa vitu vizuri mno, vya thamani, kwa mapenzi ya kweli, na hapana aliyetaka kumweka mzee wake chini ya kifusi.

Vitu vikaanza kuletwa. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa wazi na mvua karibu, vililetwa kwetu.

Siku moja alikuja mama wa mwenzangu. Alikuwa ameteremka kwenye gari la shamba pale Darajani pamoja na wanawake wawili wa kwao, na kila mmoja ana mzigo wa kamba kichwani, kamba za makumbi, mpya, zimesokotwa kwa mkono. Wanawake wa pwani ile hufukia makumbi ya nazi mchangani yakaoza, wakayafukua, wakayaponda kwa magongo, kisha wakasokota viganjani mpaka viganja vikawa vigumu. Kijiji kizima kilisokota kwa ajili ya dahalia. Walikuwa wamefikiri kwamba mafundi watahitaji kamba za kufungia majukwaa ya kusimamia, na walifikiri sawasawa.

Yule bibi wa Shangani alikuwepo siku ile, amekuja kuulizia vipimo vya madirisha yake. Aliziangalia zile kamba kwa wema, nakiri alikuwa mwema, akasema, "Mashallah. Lakini kamba haibaki. Jengo likisha, kamba hutupwa. Hii haitokuwa wakfu, dada, itakuwa msaada tu. Usije ukatia nia ya maiti wako ukapata hasara."

Mama wa mwenzangu alikuwa anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mie sina maiti wa kumpa, bibi," alisema. "Nna mtoto anataka kitanda."

Kamba zikawekwa chini ya ngazi, nyuma ya milango. Nyumba yetu ikawa inanuka pwani.

Katika Mfunguo Pili, mwezi kabla ya ule wa Iddi Kubwa, kamati ilifanya maulidi ya kina mama katika uwanja wa chuo. Watu walijaa. Palisomwa vizuri, palipikwa biriani, udi ulifukizwa mpaka macho yanawasha, na baada ya dua mama alisimama akaeleza, safari hii bila ya kuzunguka, kwamba kinachohitajiwa ni msingi, na serikali haitoleta jiwe la ukuta mpaka msingi uonekane. Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma. Akasimama wa kwanza, analia, akampa marehemu mumewe mlango. Wa pili akatoa taa. Wa tatu naye akatoa mlango, na huu ndio ule mpana wa kupita gari la ng'ombe. Nilimwona mama akiketi polepole.

Alimwomba baba akamuulize shekhe: je, tunaweza kuiuza milango iliyozidi tukanunua mawe? Baba alirudi na jibu alilokuwa amekwenda nalo. Kilichotolewa kwa nia ya mlango ni mlango. Wakfu hauuzwi wala haugeuzwi. Ila aliyeahidi na bado hajakabidhi, huyo anaweza kubadili akipenda.

Mama akavaa tena buibui. Madirisha mawili ya Shangani yalikuwa bado kwa seremala, kwa hiyo alianzia huko, na mimi nilikuwepo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono.

"Ningekubali, wallahi," alisema. "Lakini nshamuota. Mama yangu kakaa dirishani, kavaa nyeupe, anacheka, upepo unampiga. Sasa nimwambie nini? Nimwambie ateremke?"

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akicheka chini ya buibui. Tulipofika nyumbani, kati ya milango ile, niligundua kwamba hakuwa anacheka.

Mkuu wa chuo alikuja kujionea. Alipita ubavu ubavu katika ukumbi wetu na gauni lake, akaikagua milango mmoja mmoja, akasema, "Mna milango mingi kuliko vyumba." Mama akamwambia ndiyo. Mwingereza yule alikwenda serikalini kuomba waanze wao, watu wamalizie. Akaambiwa msingi kwanza. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu nilimwona Mzungu na mama yangu wamekaa kwenye ngazi moja, wanakunywa chai ya tangawizi.

Iddi Kubwa ikaja, ikapita.

Mzee wa Kiwengwa hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe na kikapu cha ndimu na papa mkavu, akavua viatu, akapanda. Alikuwa mnyonge kuliko sisi.

"Nlisema Iddi," alisema.

"Naam, ulisema," mama alijibu. "Umetungojea. Hatuna la kukulaumu."

Laiti angekuwa mtu mbaya, ningejua wa kumchukia. Alitukaribisha harusini, nasi tukaenda. Kiwengwa ilikuwa na jua kali siku ile na mchanga mweupe unaumiza macho. Nilipelekwa chumbani alikokuwa bibi harusi, amelazwa chali, mikono na miguu imekunjuliwa, wanawake wanamchora piko. Alipogeuza macho akaniona alitaka kucheka, akashindwa kukiziba kicheko kwa kuwa viganja vilikuwa havijakauka, kikamtoka puani kama zamani.

"Wamefika wapi?" aliniuliza.

"Bado msingi."

Akasema, "Wakimaliza atalala mtoto mwengine. Na usinitazame hivyo, utaniliza, piko litaharibika." Baadaye, wale wachoraji walipoinuka kwenda kula, aliniomba nimwambie tunasomeshwa nini. Nikamweleza jinsi tunavyofundishwa kumwanzisha mtoto kusoma: humpi herufi tupu, unampa neno analolijua, kitu cha kwao, kisha unalikata. Alikuwa akirudia kila nilichosema, midomo tu, bila ya sauti. Nilipomaliza akaniuliza, "Na kwa mtu mzima? Kwa mtu kama mama?" Sikuwa najua. Tulikuwa hatujafika huko.

Mumewe alikuwa mtu mzuri kama alivyosema baba yake. Alimnunulia daftari na kalamu, na nilisikia kwamba mwenzangu alikuwa akimfundisha wifi yake mdogo. Mama yake hakupata kukalishwa chini. Walikuwa na kazi, na binti alikuwa ameshachukua mimba. Masika ya mwaka uliofuata uchungu ulimshika kabla ya wakati. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la shamba halikufika siku zile, mkunga wa kijiji akafanya alichoweza. Alikufa mwenzangu na mtoto.

Habari ilitufikia mvua zilipopungua, mwenyewe ameshazikwa. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa. Mimi sikulia. Niliteremka ukumbini nikaupiga teke mlango wa kwanza uliokuwa mbele yangu, kisha wa pili, kisha wowote ulioweza kufikiwa na mguu wangu, mpaka kaka yangu mwenye ndevu akanishika kwa nyuma akanibeba juu. Sijui ile ilikuwa milango ya nani. Walikuwa ni maiti wa watu, hawakunikosea lolote.

Tulihudhuria arubaini yake, na siku chache baadaye mzee wa Kiwengwa akaja mjini. Safari hii hakuwa na kikapu. Mama alikuwa na wenziwe wawili wa kamati, mmojawapo yule bibi wa Shangani. Wakamwamkia, wakampa pole. Akaitikia, akaketi ukingoni mwa kiti kile kile.

"Nimekuja kuuliza," alisema. "Msingi wa ile dahalia ushachukuliwa?"

"Bado," mama alisema.

"Basi nipeni mimi."

Mama alitafuta maneno. Alikuwa anamwonea huruma, na ameshaambiwa sana neno lile na wengine hata likamtoka yeye. "Bwana, msingi unafukiwa. Hautoonekana. Yako madirisha bado mawili kwa seremala..." Akamtazama bibi wa Shangani, na yule bibi, Mungu amlipe kwa hilo, alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa.

Mzee aliinua mkono. "Wangu mie nshamzika, Bi Mkubwa," alisema. "Chini ndiko aliko. Wengine wawape wao milango. Mie wangu nnajua pa kumtilia."

Bibi wa Shangani alijifunika uso kwa mtandio wake, na mabega yakamtikisika.

Kiwengwa yote ilifanya kazi. Walivunja mawe kwao, wakapanga kuni na matumbawe wakachoma tanuu la chokaa, na moshi wake, waliniambia, ulikaa juu ya kijiji siku nyingi kwa kuwa upepo ulikuwa mdogo. Mtu mmoja mwenye lori aliyabeba mawe kwa kusema atakuwa amempa baba yake magurudumu, na mama akamwambia inafaa kabisa. Wanaume wa Kiwengwa walikuja na majembe yao wakachimba wenyewe. Hawakutaka wachimbaji wa mjini. Mzee mwenyewe alishuka shimoni akapanga mawe kwa mkono wake, safu kwa safu, na ukitazama utadhani anapanga kitu kitakachokaguliwa. Siku ya mwisho walishindilia udongo pande zote mbili, na kazi ile yote ikapotea machoni. Ukabaki mstari wa mawe tu juu ya majani. Serikali ikauona, ikaleta kuta.

Mafundi walifunga majukwaa kwa kamba zilizokuwa chini ya ngazi yetu. Choo alikichukua mama, kwa jina la mama yake mzazi. "Alikuwa mtu msafi," alisema, "hatojali." Milango ikachukuliwa mmoja mmoja, na iliyozidi ikatiwa katika lile jengo kuukuu lilipotengenezwa, hata chumba cha makaa kikapata mlango wa nakshi. Ukumbi wetu ukawa mtupu. Baba aliporudi kazini siku ile alisimama nje akitaka kusema mzaha wake, akaona hakuna tena milango ya kuchagua.

Vitanda vya chuma havikupatikana. Mkuu akaamua maseremala wachonge vitanda vya mbao, na kwa kuwa jengo lilikuwa limekwisha na kamba za majukwaa zimelala uani, ngumu bado, vitanda vikawambwa kwa kamba zile. Hapana aliyepanga hivyo. Ndivyo ilivyotokea tu. Mkuu alitaka sisi wa mwaka wa mwisho tulale pale pamoja na wasichana wa shamba, tuwe wakubwa wao, na mimi nikapewa kitanda cha pembeni, chini ya dirisha.

Siku ya kufunguliwa watu walikuja wengi. Kila aliyetoa kitu alikitafuta. Wanawake walifungua milango wakaifunga, wakaifungua tena, wanasoma Fatiha kwa sauti ndogo, na nilipowaona hivyo hasira yangu ilipungua kidogo, si sana. Bibi wa Shangani alisimama kwenye dirisha lake muda mrefu bila ya kumwonyesha mtu.

Mzee wa Kiwengwa hakuja. Alikuja mkewe, peke yake, kanga zake za safari na uso uliopungua. Nilimwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nilidhani atataka kuona msingi, nikaanza kumwongoza nje, lakini hakunifuata.

"Nnataka kuona wanapolala," alisema.

Nikampandisha juu. Hotuba zilikuwa zimeshaanza uwanjani, na ghorofani hapakuwa na mtu. Alitembea katikati ya safu za vitanda, anavihesabu kwa macho au anavitazama tu, sijui. Alipofika kati akasimama.

"Chake kingekuwa kipi?"

Nilisema kile kilichonijia kwanza. "Hiki hapa," nikamwonyesha changu.

Alikiendea. Akatazama dirisha, akasema kwamba kiko penye upepo, vizuri, maana mtoto yule alikuwa hapendi joto. Kisha akainua godoro la sufi, akatia mkono chini yake, akazipapasa kamba. Alijua za nani. Nilimwona kidole gumba kinapita juu ya msokoto, kinarudi, kinapita.

"Imelegea," alisema. "Mnalalaje juu ya kamba iliyolegea?"

Aliniamuru niondoe godoro. Akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akaifungua kamba ya upande wa miguuni, akaanza kuikaza. Alikuwa akivuta kwa mwili wake wote, mguu umekanyaga ubao wa kitanda, akipitisha kamba, akivuta, akinipa nishike asije akapoteza, kisha akipitisha tena. Chini watu walikuwa wakipiga makofi. Nilianza kulia, na safari hii nililia kweli, sikuweza hata kuficha, machozi yananidondoka juu ya mikono iliyoshika kamba. Yeye hakulia. Aliniambia tu, "Shika vizuri, mwanangu, usiniachie."

Alipomaliza alipiga kamba kwa kiganja ikalia kama ngoma. Akarudisha godoro, akatandika shuka, akakunja ncha zake chini moja baada ya moja. Akakaa juu ya kitanda. Alikaa kidogo tu, mikono juu ya magoti, anautazama mto.

"Haya," alisema. "Hapa angelala."

Akaniuliza maji ya kunawa yako wapi. Nikampeleka msalani, kule alikokutoa mama, akanawa uso na mikono, akajifuta kwa kanga, na nikamsindikiza mpaka Darajani kwenye gari la shamba. Hakuzungumza tena habari ya kitanda, na mimi sikumuuliza kama mzee hajambo. Nilikilalia kitanda kile mpaka nilipomaliza chuo. Vya wenzangu vilikuwa vikikazwa kila baada ya muda. Changu hakikulegea tena.